Mkato wa Taratibu

Mniache niseme. Watu wa Ipogolo wanadai fundi Sosthenes ni mzembe, na mimi Mwanakhamisi, ninayekaanga maandazi mlango wa pili, nasema waongo wakubwa. Yule baba anakereza chuma vizuri kuliko fundi yeyote ninayemjua. Ila ni kweli anachelewesha kazi za watu, na sababu naijua mimi.

Mashine yake inazungusha chuma, kisu kinasogea pembeni kikikimenya kama kiazi. Ukikisogeza kisu haraka, kazi inaisha upesi, lakini chuma kinabaki na mistari. Ukipitisha ukucha unakwamakwama. Ukikisogeza polepole, chuma kinalainika mpaka unajiona uso, ila utakaa hapo mpaka ukome. Fundi mwenye akili anakimbia pale pasipogusana na kitu, anatulia pale panapogusana. Sosthenes haya yote anayajua. Lakini mashine ikienda haraka inanguruma, hamsikilizani. Ikienda polepole, mnaweza kuongea.

Ndiyo hiyo sababu, jamani, hakuna nyingine. Mkewe Severina alifariki, Mungu ampumzishe. Mwanawe yuko Mbeya na simu yake ni ya Krismasi. Kule nyumbani Kihesa hakuna wa kumwitikia hodi. Basi mteja akija akakaa kwenye benchi, Sosthenes anamweka. Anamuuliza mvua, anamuuliza watoto, anamuuliza misiba, huku kisu kinalambalamba tu chuma. Inaniuma. Inaniuma na inaniudhi, maana mimi nipo hapa kila siku na kwangu haji ila kununua chai, tena anainywa amesimama.

Juzi asubuhi akaja mama mmoja wa Ruaha Mbuyuni, Devota, mkulima wa vitunguu, amepakata shafti ya pampu iliyolika.

"Kamwene, fundi. Niokoe. Zamu yetu ya maji mferejini ni leo jioni. Ikinipita nangoja mpaka wiki ijayo, na vitunguu vyangu havifiki huko."

"Kamwene, mama. Kaa, nakutengenezea mpya."

Akafunga chuma, akaanza. Taratibu! Akamuuliza vitunguu vya mwaka jana viliuzikaje. Akamuuliza kama malori bado yanakwama Kitonga. Mama wa watu anajibu huku anachungulia jua, maana ndugu zake walikuwa wanamngoja shambani na pampu iliyofunguliwa. Nikavumilia, nikavumilia, mpaka maandazi yakaanza kuungua. Nikashindwa. Nikaenda pale na mwiko wangu mkononi.

"Fundi! Hapo katikati unapapaka poda ya nini? Hapo hapagusi kitu! Si palainike pale tu penye beringi na penye mpira wa kuzuia maji?"

Devota akasimama.

"Kwani inaweza kwenda haraka, fundi?"

Hapo angeweza kumdanganya, na yule mama angeamini, atajuaje mambo ya mashine? Sosthenes akamgeukia.

"Inaweza, mama. Nisamehe. Nilipenda tu ukae kidogo."

Devota akakaa tena kwenye benchi.

Sosthenes akavuta gia, akazamisha kisu, mashine ikanguruma na chuma kikaanza kutoka nyuzinyuzi za moto. Hakuna aliyeongea tena. Alipofika penye beringi akapunguza, akapitisha mkato mmoja wa polepole, na penye mpira vilevile, basi. Akazima.

"Pitisha ukucha, mama."

Ukucha ukateleza. Devota akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akashukuru huku ameshafika barabarani, akasimamisha gari la kushuka Kitonga. Hata kwaheri vizuri hatukuagana. Sosthenes akabaki anafuta mashine ambayo haikuwa na uchafu.

Kesho yake Devota akapiga simu. Sosthenes akaja nayo kwangu mbio, sauti ameifungulia ili na mimi nisikie, uso umechangamka mpaka nikafurahi.

"Fundi, pampu haivuji hata tone! Shamba zima limeshiba maji!"

"Mungu ashukuriwe! Karibu tena, mama. Siku ukija, huyu jirani yangu atatupikia..."

"Aa, nije kufanya nini tena, baba? Nimewaambia wenzangu wote huku, huyu fundi ni wa haraka, hakuna haja ya kwenda kukaa kumsubiri. Tutakuwa tunampa kondakta wa basi chuma asubuhi, jioni anaturudishia."

Nilitamani nimnyang'anye ile simu. Sosthenes akaitazama kidogo, kisha akaisogeza mdomoni.

"Sawa, mama," akasema. "Tumeni tu."