Mahari au Mahali?

Juzi nilipita stesheni ya Kitale nikamkuta mama mmoja ameanika mahindi karibu na reli. Nikamwambia zamani injini za mvuke zilikuwa zinafika hapa, ardhi yote inatetemeka. Akaniangalia kama mwongo. Basi wacha nikusimulie wewe, rafiki yangu.

Nililelewa na nyanya kule Kanduyi, karibu na stesheni ya Bungoma, pamoja na shangazi, ambaye alinibeba mgongoni tangu mama afariki, na usiku nikilala naye. Gari la mizigo lilikuwa linasimama Bungoma kujaza maji kabla ya kupanda milima. Lilikuwa zito kweli, linavuta mabehewa ya saruji, moshi wake unatia masizi kwenye nguo zetu kambani. Na kila likisimama, shangazi alikuwa ameishiwa chumvi.

"Chumvi gani hii inaisha kila mara?" nyanya akasema. "Hebu mfuate."

Nikamfuata. Kumbe anaongea na mchochea moto wa injini, uso mweusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana. Meno yale sikuyapenda hata kidogo.

Siku moja jamaa akaja nyumbani, kofia mkononi. "Mama, natafuta mahari."

Sisi watu wa Bungoma na Kitale, bana, l na r zinatuchanganya. Yeye alikuwa anasema mahali, ati chumba cha kupanga. Nyanya akasikia mahari.

"Mahari haitafutwi hapa, inaletwa hapa! Rudi na wazee wenu."

Shangazi alikuwa jikoni, alisikia yote, na hakumsahihisha mtu. Jamaa akarudi na wazee, tena na ng'ombe. Mpaka leo anaapa alitaka chumba tu. Mimi simwamini. Reli ilikuwa na nyumba za wafanyakazi wake. Chumba cha nini?

Wakaoana. Siku ya kwenda kwao Kitale, shangazi akapanda behewa la abiria lililofungwa nyuma ya mizigo. Alinipungia mkono, nikakataa kumpungia. Nilikuwa na hasira, na uchungu mwingi sana. Injini ikaanza kupanda polepole, inahema, tukaisikia muda mrefu hata baada ya kupotea.

Nikamuuliza nyanya sasa nitalala na nani.

"Kwani mimi nimekufa?" akafoka, na machozi yanamtoka.

Injini zile zimeisha. Nyanya naye ameshakufa, na swali langu la nitalala na nani sina tena wa kumuuliza.