Oili Niliyoipima Mteremkoni

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, miaka ya tisini, nikiwa dereva wa mjomba wangu Athumani pale mtaani kwetu Kuze. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, nalo ndilo lililomlisha yeye na wanawe watatu. Lilikuwa likila oili, kwa hivyo ilibidi ipimwe kila siku kabla ya safari.

Kuipima kulikuwa na taabu. Kichochoro chetu kina mteremko, na gari lililala likiinamisha pua. Oili yote ilikimbilia mbele, kwenye kijiti cha kupimia, kikaonyesha imejaa hata kama haikujaa. Tena kijiti kile kilikuwa na tabia ya kulowa mpaka juu upande mmoja, na upande wa pili kidogo tu. Mjomba alinifundisha nilishushe gari mpaka Makadara, penye usawa, nizime injini, nisubiri muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, nipanguse kijiti, nikitie mpaka mwisho, ndipo nikitoe nisome. Pande mbili zikitofautiana, niamini ule unaoonyesha kidogo.

Siku hiyo tulikuwa na vyombo vya bi harusi vya kupeleka Changamwe. Wanawake walishapakia kitanda na kabati, wananihimiza. Mmoja wao akaniuliza kama naitafutia injini chawa, wenziwe wakacheka. Nikaona haya. Nikapima palepale mteremkoni. Upande mmoja umejaa. Wa pili umegusa alama ya chini kwa shida. Nikapangusa kijiti, nikafunga boneti.

Tulipofika Makupa injini iligonga, ikakwama, ikazima. Fundi aliyeitwa alisema ndani hamna oili ya kulowesha kidole. Mjomba alipofika aliniuliza kama nilipima. Nikamwambia nilipima, na kijiti kilisema imejaa.

"Kilisema, au ulitaka kiseme?"

Hakuniuliza tena. Watu wa harusi walipokuja juu, aliwaambia gari lake limezeeka, wamuwie radhi. Injini haikutengenezeka. Mjomba akarudi kuendesha malori ya watu, pengine wiki nzima hayuko nyumbani, mpaka macho yakamkataa.

Alifariki mwezi uliopita. Kwenye khitma ya kumuombea, watu waliikumbuka ile pikapu iliyokufa kwa uzee. Nikainuka, nikamfuata binti yake mkubwa, Mwanaisha, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya ungemwambia baba, kaka," akasema. "Mimi sina la kukusamehe."

Hakusema kwa hasira. Akaniuliza kama nishakula. Na alilosema ni kweli.

Mwanangu, ukipima, pima penye usawa, na uiache oili itulie, hata watu wakikucheka. Ukiona vipimo viwili, usichague kinachokupendeza, pima tena. Na ukimkosea mtu, mwambie angali anakusikia, siku ileile kama unaweza. Mimi nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kumwambia, na kutoka mlango wangu mpaka wake ni nyumba nne.

Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba wangu. Na wewe akujaalie ulimi usioona uzito kukiri, na akuwekee hai wale unaotakiwa kuwakiria. Amin.