Verediana na Maji ya Moto

Mwanangu, kesho unaanza kufundisha, basi kaa nikuambie aibu yangu. Nakumbuka asubuhi moja, miaka ya hamsini, hapa hapa Gisenyi. Nilikuwa mwalimu kijana, shati limepigwa pasi, najiona sijui nani.

Verediana, binti wa muuza samaki wa Nyamyumba, aliingia darasani amechelewa, gauni limelowa. Mara ya tatu wiki ile! Jana yake aliruka kamba akawashinda wote; leo anatembea kama bibi yangu, hata chaki haishiki. Alinivuruga akili, kwa kweli. Ugonjwa gani huo, leo mzima kesho hoi? Nikajiambia huyu anaogelea ziwani, kisha anakuja kunichezea. Nikampigisha magoti uani, kwenye mawe meusi ya volkano.

Saa ya mapumziko nikamwambia ainuke. Hakuweza. Wala hakulia, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Nikambeba mgongoni mpaka kwao, napumzika njiani, sielewi nimefanya nini. Mama yake alikuwa anapanga samaki. Akayatazama magoti ya mwanawe, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, we hukumuuliza? Mifupa inamuumaka tangu mudogo. Ikimukamata, asubuhi namupeleka kwenye maji ya moto yenye kutoka chini ya udongo, kule ku ziwa, apate nguvu ya kuja kwako. Bon, imetosha. Atabaki hapa, atauza samaki na mi."

Loo, nilitamani ardhi inimeze! Nikaomba radhi mbele ya wateja, nikamsihi amwache arudi shule, achelewe atakavyo. Mama akaendelea kupanga samaki. Aliyesema ni Verediana.

"Mwalimu, nikikuwa muzima nikimbie na benzangu, halafu kesho yake nigonjwe tena, utaniamini?"

Hilo ndilo lililokuwa swali langu mwenyewe, limenigeukia. Nikajikuta nasema, "Nitakuamini." Mama akashusha pumzi, akasema haya, arudi.

Alirudi, akamaliza shule. Ugonjwa wenyewe sikuuelewa, na mpaka leo unanichanganya. Ila kila asubuhi nilimuuliza yuko vipi, na alichosema nilikipokea.

Basi, mwanangu, mtoto mgonjwa muulize kabla hujamwadhibu. Akisema anaumwa, mwamini, hata kama jana ulimwona anacheka. Usingoje mpaka uelewe, utachelewa kama mimi. Mungu akupe subira darasani, na siku utakapokosea akupe mtoto atakayekuuliza kama Verediana.