Kisogo cha Mwanakhamis

Kisogo cha Mwanakhamis nakifahamu kuliko uso wake. Mwaka mzima wa 1998, siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, nilisimama nyuma yake kwenye ukumbi wa taekwondo hapa Kangle, mjini Guangzhou, ghorofa ya tatu, juu ya kiwanda kidogo cha kushona suruali. Cherehani zikianza kazi kule chini, sakafu inakutekenya nyayo. Sheria ya ukumbi ni kwamba mwenye mkanda mkubwa anakaa mbele, mdogo nyuma. Yeye alikuwa na kijani, mimi njano. Ananizidi miaka mitatu, goti lake moja linalia kama mlango mbovu, na bado wa mbele alikuwa yeye.

Ni Mzanzibari, mtu wa Makunduchi. Aliachika mara moja, akafiwa na mume mara moja, na mambo yote mawili anayasimulia kwa sauti moja, kama mtu anayekutajia vituo alivyopita njiani. Aliuza kanga Darajani, akaenda Dubai, akaenda Bangkok, na biashara ya Bangkok ilipoharibika akaja Guangzhou na begi moja na mswala. Anakunja nguo vizuri mno. Robota lake la mzigo likifungwa, huwezi kuingiza kidole.

Mimi, Bertila, nilifika hapa miezi miwili kabla yake. Hilo naomba likumbukwe. Mimi ndiye niliyempokea tukapanga chumba kimoja, mimi nikampeleka soko la Shahe kwenye nguo za bei ya chini, mimi nikamfundisha kusema "bu yao", sitaki, kwa wale wanaokuvuta mkono. Wiki tatu hazikupita, wenye vibanda wakawa wanamwita yeye "laobanniang", mama bosi. Mimi waliendelea kuniita "pengyou", rafiki, jina wanalompa hata mtu aliyepotea njia.

Hata hiyo taekwondo ilianza kwenye mdomo wangu. Siku moja pale Shahe, kijana mmoja alininyakulia mkoba. Mimi nikapiga kelele "mwizi!" kwa Kiswahili, kana kwamba niko Keko, Dar es Salaam. Mwanakhamis alimkimbiza, na baibui lake, vichochoro viwili, akarudi na mkoba wangu na kiatu kimoja cha yule mwizi. Nikasema, "Tungejua kupigana tungemkamata mzimamzima." Nilisema tu. Yeye wiki iliyofuata alikuwa ameshajiandikisha. Nilivumilia miezi miwili kuiona ile suti nyeupe ikining'inia dirishani kwetu, kisha nikajiandikisha na mimi.

Pale tulifundishwa zaidi kile Wachina wanachokiita pinshi. Ni mpangilio wa hatua kumi na nane ambao unapigana na adui asiyekuwepo. Unakinga, unapiga ngumi, unarusha teke, unageuka, na ukimaliza sharti uwe umesimama palepale ulipoanzia. Mwanakhamis alimaliza palepale kila siku. Mimi nilimaliza kwenye ndoo ya maji.

Mwalimu Kuang ni mtu mfupi, mpole, anayeongea Kichina kingi. Changu ni cha sokoni, najua rangi, saizi na bei. Akieleza habari za nyonga na kisigino namtumbulia macho. Kioo ukumbini hakuna. Basi nikajifunza kwa kumwiga aliye mbele yangu.

Ndipo nilipoona ule mkono. Kila Mwanakhamis alipogeuka, kiwiko cha kulia kilipanda, mkono ukafika shingoni, ukakaa kidogo, kisha ukashuka kwa ukali na kuwa ngumi. Wasichana wa Kichina waliokuwa pembeni hawakufanya hivyo. Wala Mwalimu hakutuonyesha. Nikasema moyoni, kumbe! Amepewa kitu cha ziada. Na kweli, mara nyingi baada ya mazoezi nilimwona Mwalimu amemwita pembeni dirishani, wananong'ona, yeye anaitikia kwa kichwa. Mimi nani aliwahi kuniita dirishani?

Nimuulize? Bora nitafune soksi.

Ijumaa akienda msikitini, nafunga mlango, nasimama mbele ya kabati lenye kioo. Geuka, mkono shingoni, ngumi. Geuka, mkono shingoni, ngumi. Nilipendeza. Nilifanya kwa nguvu kuliko yeye, maana yeye alikuwa anafanya kama mtu anayeficha.

Mtihani ukapangwa mwezi wa tatu, mwaka 1999. Mkanda wa kijani sikuutaka kwa rangi yake. Niliutaka kwa sababu ungenitoa nyuma ya Mwanakhamis, nisimame naye bega kwa bega. Hilo tu. Usiku na mchana sikuwaza lingine.

Siku mbili kabla, akaniambia, "Shoga, hebu fanya hiyo pinshi yako n'kutazame."

"Unitazame, wewe ndiye Mwalimu?"

"Sikusema mie mwalimu. N'na macho tu."

"Macho yako katazamie mambo yako."

"Haya bibi. Ukenda kusimama ndooni usinambie n'kukaushe miguu."

Siku ya mtihani meza ilikuwa na watahini watatu. Mwanakhamis, ambaye zamu yake ilikuwa bado, alikaa kwenye benchi na wenzake. Jina langu likaitwa. Niliinama, nikaanza. Jamani, sijawahi kufanya vile! Teke lilipanda mpaka mwenyewe nikashangaa. Na kila nilipogeuka nilipeleka mkono shingoni, pa! Mpaka shingo ikauma. Nilimaliza palepale nilipoanzia, kidole cha mguu juu ya alama yangu.

Wasichana walikuwa wamefunika midomo. Mtahini mmoja, mama wa miwani, akauliza kitu, akijigusa shingo. Hilo swali nililielewa bila Kichina. Mkono huo umetoka wapi?

Nikanyoosha kidole kwenye benchi. "Kwake yeye!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mwanakhamis. Naye kwa kushtuka kiwiko kikapanda, mkono ukaenda shingoni, akavuta ushungi wake ukae sawa. Kiwiko kilekile. Mkono uleule.

Nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwenye suruali.

Ukumbini kwetu chuma ni marufuku, pini iliwahi kumkwaruza mtoto usoni. Mimi kila asubuhi nilivua hereni zangu mlangoni, na nilimwona Mwanakhamis akichomoa pini za ushungi wake na kuziweka ndani ya kiatu. Nimeona kwa macho yangu mwaka mzima! Bila pini ushungi unateleza akigeuka, anauvuta. Mimi kutoka nyuma naona kiwiko, nasema siri ya ufundi.

Nilifeli, na zamu yake ilipofika naye akafeli. Nilirudi chumbani nikalala na suti yangu. Mwanakhamis aliingia, akakaa kitandani kwake, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akalala chali.

"Bertila wewe! Kichwa chako kitupu, hata kitambaa huna. Ulikuwa wavuta nini?"

"Nyamaza."

"Wavuta nini, shoga? Nywele?"

"Nilidhani Kuang kakufundisha wewe peke yako! Pale dirishani, mnanong'ona!"

Kicheko kikakatika. "Dirishani? Dirishani akinigombeza mie. Kila siku: mkono huo, mkono huo, utakuangusha mtihani. Mie naitikia, kesho nasahau."

Kwa hiyo mwaka mzima nilimwonea wivu mtu kwa kugombezwa.

"Si ungeniuliza," akasema.

"Ungenijibu kwa maringo."

"Ningekujibu kwa maringo, lakini ningekujibu."

Nikavuta shuka mpaka usoni.

Kesho yake akapeleka ushungi kwa mafundi wa kule chini, wakautia lastiki. Mkono wake ukatulia siku hiyohiyo. Hata hilo lilinichoma, maana wangu haukutulia. Ulikuwa umeshazoea. Nikigeuka, huo unapanda shingoni kama una miadi. Nilijaribu kubeba kikombe, nikajimwagia chai mgongoni. Nilijaribu kusali rozari kwanza. Wapi.

Mwishowe nilimeza mate na kusema, "Haya. Nitazame."

Akanipeleka kwenye veranda ya jengo, akanisimamisha mbele, yeye nyuma. "Leo mie ndo natazama kisogo. Na chako kibaya, nikwambie ukweli." Mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumwiga, kamba za nguo tu. Nikigeuka, kiwiko kikianza, anapiga kofi moja la viganja: "Bibi, ushungi huna!" Mafundi wa cherehani waliotoka kuvuta sigara wakalijua neno hilo, wakawa wanalisema nao kila kiwiko kikicheza. Miezi mitatu hiyo. Nikimchukia, nikimtii.

Mtihani wa pili ulikuwa mwezi wa sita. Mgeuko wa kwanza salama, wa pili salama, wa tatu nikasikia kiwiko kinawasha. Kutoka kwenye benchi mtu akakohoa. Mkono ukashuka ukawa ngumi. Nilimaliza palepale.

Kijani nikapata. Sikungoja kufungiwa, nilijifunga mwenyewe, fundo likaenda upande. Mwalimu akapiga makofi tupange mstari, nikatembea kifua mbele, kwenda kusimama ubavuni kwa Mwanakhamis mbele ya watu wote.

Akanigusa bega. "Shoga, rudi nyuma kidogo."

Nikatazama kiuno chake. Buluu. Amefanya mtihani asubuhi hiyohiyo, saa moja kabla yangu, mimi nimejifungia chooni narudia hatua kimoyomoyo.

Nikarudi nyuma. Kisogo ni kilekile, ila sasa najua kina lastiki.