Nilisema Nimekidaka

Admin, naomba usiweke jina langu wala la chuo changu, maana huku Kyela tunajuana. Nina miaka 23, niko mwaka wa mwisho, nimepanga chumba Bondeni. Sijaja hapa kwa mambo ya mapenzi. Nimekuja kwa sababu kuna neno moja nililisema uwanjani na limekataa kuniacha.

Mimi nacheza frisbii, ule mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki. Mnacheza saba kwa saba. Mwenzako akikurushia ukakidaka ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, mmepata pointi. Kikigusa chini, mmekipoteza. Wasichojua wengi ni kwamba mchezo huu hauna refa. Mchezaji mwenyewe ndiye anayesema nimedaka au sijadaka, na wote, hata wapinzani, wanaliheshimu neno lake.

Mwaka jana yalifanyika mashindano ya vyuo, wanawake pekee, kwenye uwanja wa mchanga karibu na Itungi, kando ya ziwa. Timu zilikuwa tano. Wale wa Tukuyu walikuwa na pumzi ya ajabu, mechi tatu mfululizo wanakimbia kama ndiyo kwanza wameamka. Wa Mbeya walikuwa na dada mmoja wa mkono wa kushoto, akirusha, kisahani kinapanda na upepo wa ziwa, kinawazunguka mabeki na kumfikia mwenzake kifuani. Lakini aliyezungumzwa na kila mtu alikuwa msichana wa timu tuliyokutana nayo fainali. Nitamwita Tupo. Kwao ni Ikombe, mama yake anafinyanga vyungu. Alikuwa mfupi, miguu myembamba, ila akiruka unasubiri mpaka unachoka ndipo atue. Tulikuwa tumetangaziwa kwamba mchezaji bora wa timu itakayoshinda ataenda kambi ya mazoezi Mbeya kwa wiki mbili, na kuondoka ni kesho yake asubuhi.

Fainali tulifika kumi na mbili kwa kumi na mbili, imebaki pointi moja. Kapteni wetu akanirushia kisahani kirefu. Nikajirusha, Tupo naye akajirusha pembeni yangu. Nikaanguka kifudifudi kisahani kikiwa mkononi. Lakini kabla vidole havijafunga, nilisikia ukingo wake ukikwaruza mchanga. Nilisikia kabisa, sitawadanganya.

Tupo akapiga goti mbele yangu, anahema.

"Dada, mimi nimeona kama kimegusa. Wewe umekidaka?"

Hakuuliza kwa hasira. Angenigombeza labda ningesema kweli. Wenzangu walikuwa wameshaanza kunikimbilia wakipiga vigelegele. Nikamtazama machoni nikasema, "Nimekidaka."

Akatazama mchangani. Kama kulikuwa na alama kwenye mchanga, mimi nilikuwa nimeilalia. Kisha akanipa mkono akaninyanyua. "Basi macho yangu yamenidanganya. Hongera, dada."

Nikatangazwa mchezaji bora. Asubuhi mimi nikapanda basi la Mbeya, yeye akaenda Matema kupanda mtumbwi wa kurudi kwao. Mchana ziwa likachafuka, mtumbwi ukapinduka. Wengine waliokolewa. Tupo alipatikana siku ya pili. Habari zilinikuta kambini, katikati ya mazoezi, nikasimama pale nisijue hata nikae chini au niendelee kukimbia.

Najua si mimi niliyeleta upepo. Najua pia kwamba ningesema kweli, mchezo ungeendelea, na huenda wangeshinda wao, na yule aliyepanda basi angekuwa yeye. Hayo mawili yanakaa kichwani mwangu pamoja. Nikiwa nafua, nikiwa darasani, nikiwa sokoni nanunua mchele, nasikia mtu anahema karibu nami, halafu sauti ile ile ya upole: "Wewe umekidaka?" Mara mbili nimejibu kwa sauti, watu wakanigeukia. Mama mwenye nyumba akifagia uani, ufagio ukigusa mchanga, natoka nakwenda barabarani hadi amalize. Frisbii nimeacha. Nilimweleza kapteni wetu, akaniambia, "Ukisema leo utamfufua? Utatuaibisha wote bure."

Wiki iliyopita nikaenda Ikombe. Nilimkuta mama yake amekaa chini anafinyanga, nikamwambia nilikuwa mmoja wa waliocheza siku ile, nimekuja kumpa pole. Akanawa udongo mikononi, akanishika. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, "asante kwa kuja."

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Yeye akanitangulia.

"Jioni ile alinipigia simu," akasema. "Akaniambia, mama, tumefungwa, lakini tumefungwa kwa haki. Mimi nilidhani kisahani kimegusa chini, ila mwenzangu amesema amekidaka, na mtu hawezi kukutazama machoni hivyo akasema uongo. Mwanangu huyo alikuwa mbishi tangu mdogo. Nilifurahi kusikia amekubali kushindwa bila kinyongo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo kwake, ndiyo yananifanya nilale." Akanitazama. "Huyo msichana aliyedaka unamfahamu?"

Nikasema, "Namfahamu, mama."

"Mwambie asiogope kuja. Ndiye mtu wa mwisho mwanangu kumsifu. Nataka nimwone uso. Utaniletea?"

Nikaitikia. Sijui ulimi wangu uliteleza vipi, lakini nikaahidi kumleta Jumamosi hii, na mama akasema atapika wali na samaki.

Nikinyamaza, nitakula chakula chake nikiwa mwongo mara ya pili. Nikisema, nitamnyang'anya maneno yale yanayomlaza. Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliowahi kuzika mtoto, niambieni ninyi mngetaka lipi. Jumamosi nitashuka kwenye mtumbwi peke yangu, na mama atatazama nyuma yangu kumtafuta yule msichana. Nimwambie nini?