Buti la Afande

Juzi gari la mjukuu wangu lilinguruma kwa nguvu huku limesimama, nikakumbuka harufu ya petroli kwenye gereji ya baba, Kibuli. Afande mmoja alileta gari dogo alilolifungia kabureta ya gari kubwa, nalo likawa linanguruma vivyo hivyo.

Baba akadondosha maji ya sabuni shingoni mwa kabureta, mngurumo ukashuka.

"Hapa inavuta hewa."

Mimi binti yake sikujua kwamba, enzi zile za utawala wa kijeshi, waliotiwa kwenye buti za magari ya wanajeshi hawakurudi. Nikasema, "Afande, nipandishe kwenye buti!"

Mikono ya baba ikasimama.

Afande akacheka. "Baba yako akishindwa, mtapanda wote."

Nikapiga makofi. Baba akakata gasketi ya kuzibia hewa kwenye boksi la chai, chai yenyewe iliadimika hata tukaisahau, akaifunga. Gari likatulia, afande akaondoka.

Nikamlilia baba: "Kwa nini umelitengeneza?"