Mstari ambao fundi Mwantumu hakuusoma

Saa mbili kasoro asubuhi, mtaa wa Manundu mjini Korogwe bado unanukia maandazi, na Mwantumu Rehani ameshaketi mbele ya kompyuta ya mteja. Kidole chake kinatembea juu ya kioo, mstari kwa mstari, na midomo inamcheza kama mtu anayesoma dua.

"Kamera, imepatikana. Sauti, imepatikana. Kadi ya waifai…" Hapo kidole kinasimama. Anarudia polepole. "Kadi ipo, faili lake halipo. Haya."

Anachomeka flashi, ananakili faili moja dogo, anaizima mashine na kuiwasha tena. Punde majina ya mitandao ya jirani yanajipanga kwenye kona ya kioo. Mteja, mwenye duka la pembejeo, anapiga makofi. Mwantumu hata hatabasamu.

"Watu wakinisikia nasoma kwa sauti wanadhani ni mbwembwe," anasema Mwantumu, mteja akishaondoka. "Ni adhabu niliyojipa mwenyewe."

Ana miaka thelathini na miwili. Amezaliwa Sindeni, wilayani Handeni, kwa wazazi wanaolima mahindi, na amejifunza ufundi huu Tanga mjini. Mwezi mzuri humwingizia kama shilingi laki nne. Mwezi wa mvua, umeme ukisumbua, hata nusu yake haifiki. Wateja wake wengi wana mashine kuukuu, hivyo huwawekea Linux, mfumo usiolipiwa leseni na usioilemea kompyuta iliyochoka.

Jina lake la ufundi lilikua haraka. Yeye mwenyewe anakiri kwamba kichwa nacho kilikua. "Nilizoea kuitwa kila penye jambo gumu," anasema. "Neno 'sijui' nilikuwa nimeshalisahau."

Februari mwaka huu aliitwa Vugiri, juu milimani, kwenye shule moja ya sekondari. Wafadhili walikuwa wameipa shule kompyuta mpakato kumi na nne. Aliyezihangaikia ni Mwalimu Matayo, mwalimu wa fizikia, aliyeandika barua kwa miaka miwili mpaka zikajibiwa. Ndiye pia aliyekuwa akikaa na ufunguo wa chumba zilimowekwa.

"Fundi, wageni wanakuja Ijumaa kuzindua," alimwambia siku ile, akimpokea begi. "Watoto hawajawahi kuona intaneti kwenye kioo kikubwa. Tusiwaangushe."

Ilikuwa Jumatano. Mwantumu aliweka mfumo wake, mashine zikawaka, lakini hakuna hata moja iliyoona mtandao. Sababu aliijua. Ndani ya Linux kuna kiini kinachoitwa kerneli, ambacho kazi yake ni kuzungumza na vifaa vyote vya mashine. Kerneli aliyokuja nayo ilikuwa ya zamani kuliko kadi za waifai za kompyuta zile, kwa hiyo haikuzitambua.

Dawa yake ni kujenga kerneli mpya. Alipakua msimbo wake kwa bando la simu, akachagua vipengele, akaiacha mashine ijenge. Umeme ulikatika mara mbili, akaanza upya. Alhamisi mchana ikawa tayari, akaisambaza kwenye mashine zote kumi na nne.

Sasa kadi zilitambulika. Mtandao, bado.

Hapo ndipo palipomkwamisha. Kadi nyingi za siku hizi hazifanyi kazi kwa kerneli peke yake. Kila moja huhitaji programu yake ndogo kutoka kwa mtengenezaji, ambayo mafundi huiita famuweya. Hiyo haimo ndani ya kerneli. Huhifadhiwa kwenye folda yake, na mtu akibadilisha kerneli bila kuangalia folda hiyo, anaweza kubaki na kadi inayojulikana kwa jina lakini haifanyi kazi. Folda ya Mwantumu ilikuwa ya zamani.

Mashine yenyewe ilimwambia. Katika taarifa za kuwaka kwake kulikuwa na mstari mmoja uliosema faili halikupatikana.

"Niliona neno 'imeshindwa', nikapita," anasema, akiangalia mikono yake. "Sikusoma mpaka mwisho wa mstari. Ulikuwa mstari mmoja tu."

Alichokiona ni kitu kingine. Lebo ya boksi ilitaja aina moja ya kadi, na mashine zikataja aina nyingine. Watengenezaji hubadilisha vifaa namna hiyo kila leo bila kubadilisha lebo. Lakini jioni ile, akiwa amechoka na wageni wakingojewa kesho yake, Mwantumu aliona mlango wa kutokea. Akaandika ripoti, akaisaini na kuigonga muhuri wake: *Kadi za waifai ni mbovu. Si zile zilizokuja na mashine. Zimebadilishwa.*

Akaondoka na gari la saa kumi na mbili jioni, asikutane na wageni.

Mkuu wa shule, Mwalimu Serafina, anaikumbuka karatasi ile. "Ilikuwa na muhuri," anasema. "Bodi ilipouliza ufunguo anakaa nao nani, mimi ningejibu nini? Nilijibu ukweli."

Mwalimu Matayo hakushitakiwa, kwa kuwa ushahidi ulikuwa karatasi moja. Alinyang'anywa ufunguo na chumba kikafungwa. Wafadhili waliandika kwamba wanasitisha awamu ya pili. Wanafunzi hawakuhitaji barua: walimpa jina, Mwalimu Kadi.

Huko Korogwe, Mwantumu hakujua lolote. Aliendelea na kazi, na alipoulizwa habari za Vugiri alisema kwa kujiamini kwamba kule kuna watu wameiba.

Julai mteja mmoja alimletea kompyuta ya aina ileile. Akajenga kerneli, na tatizo likajirudia vilevile: kadi inajulikana, mtandao hakuna. Safari hii mashine ilikuwa mpya, imetoka dukani, na mwenyewe ameketi mbele yake. Hapakuwa na wa kumsingizia. Akausoma mstari mpaka mwisho.

Alitafuta faili, akaliweka kwenye folda. Mtandao ukafunguka.

"Mteja ananishukuru, mimi simsikii," anasimulia. "Namwona Mwalimu amenipokea begi."

Siku ileile alimpigia mhasibu wa shule akijifanya anaulizia kazi nyingine, na ndipo aliposikia yaliyompata Matayo. Mtu angedhani angepanda gari kesho yake. Hakupanda. Alikaa kimya siku tisa.

"Hizo siku tisa ndizo zinazoniumiza kuliko ripoti," anasema. "Ripoti niliandika kwa kutojua. Hizo nilizikaa najua. Nilikuwa najiambia, nikienda nani atanipa kazi tena? Nikala, nikalala, nikacheka na wateja, huku mtu anaitwa mwizi kwa mkono wangu."

Siku ya kumi alishindwa. Alipanda Vugiri na flashi mfukoni, akaingia ofisi ya mkuu wa shule kabla ya kengele ya kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fundi, umepotea. Kuna nini asubuhi hii?"

"Kadi hazikuibiwa. Ni nzima. Mimi ndiye niliyekosea."

Mwalimu Serafina anasema hakumkaribisha kiti. Kisha akamwuliza, "Unaweza kuyasema hayo mbele ya shule nzima?"

Mwantumu alitamani aambiwe aandike barua. Akajibu, "Naweza."

Paredi ya siku ile ilichelewa. Alisimama mbele ya wanafunzi mia tatu na zaidi, akaanza upya mara mbili. Aliwaambia kwamba kompyuta hazikuguswa na mtu, kwamba lililokosekana ni faili dogo ambalo yeye alipaswa kuliweka, na kwamba aliandika uongo juu ya mwalimu wao badala ya kusema hajui. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Matayo alisimama pembeni na walimu wenzake, macho chini.

Kisha akaingia chumbani. Mashine kumi na nne zilikuwa na vumbi la miezi mitano. Kufikia saa sita mchana zote zilikuwa mtandaoni, na kazi yenyewe haikumchukua dakika tano kwa kila moja. Hilo nalo lilimwongezea aibu.

Mwalimu Matayo alikuja mlangoni, asiingie.

"Dakika tano," alisema. "Miezi mitano mimi napita kwenye korido wananipigia mluzi, kumbe ni jambo la dakika tano."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sikatai. Lakini usinidai leo." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Hapa umenisafisha. Kwetu Mpale je? Mama yangu ameacha kwenda kusali jumuiya. Wenzake walimwuliza mwanao anaziuza wapi hizo kadi. Ana miaka sabini na nne. Hata kadi yenyewe haijui ni kitu gani."

Mwantumu aliondoka na jina la kijiji hicho kichwani.

Tangu siku ile mambo kadhaa yamenyooka. Bodi imemwandikia Mwalimu Matayo barua ya kumsafisha na nakala imekwenda kwa wafadhili, ingawa bado hawajajibu. Amerudishiwa ufunguo, akaukataa. Chumba kinasimamiwa na mwalimu mwingine. Mwantumu hupanda Vugiri kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kukagua mashine, bila malipo. Wakikutana, Mwalimu Matayo humsalimia na kupita.

Wateja wawili walimkimbia baada ya habari kusambaa. Yeye hawalaumu. Waliobaki anawaambia mapema, kabla ya kugusa mashine: "Nikishindwa nitasema nimeshindwa."

Sasa amepanga kwenda Mpale Jumamosi ijayo. Mwalimu Serafina ameahidi kumsindikiza mpaka nyumbani kwa mama yule. Mwalimu Matayo alipoambiwa alijibu tu, "Njia anaijua mkuu wa shule," na wao wakaichukua kuwa ruhusa.

Linalomtia hofu ni maneno. Kerneli na famuweya atazieleza vipi kwa mtu asiyewahi kushika kompyuta? Kizigua chake na Kishambaa cha mama yule vinasikilizana, lakini amejaribu mara nyingi akiwa peke yake dukani, na kila akifika kwenye vifaa hotuba inaharibika. Juzi aliamua kuviacha.

"Nitamwambia: mama, mwanao hakuiba kitu. Mimi nilishindwa kazi yangu, nikamsingizia yeye." Anafuta kioo cha mashine kwa ncha ya khanga, ingawa hakina vumbi. "Halafu nitanyamaza. Atakachosema nitakisikiliza mpaka mwisho."